Mkasi Juu ya Sanduku: Miaka Thelathini na Mitatu ya Ma Kokwijuka

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Restituta Kokwijuka, mtunza stoo wetu hapa Bukoba, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufunga masanduku ya dawa na vifaa vya dharura. Hakuna lililotoka bila yeye kulibeba kichwani na kuzunguka nalo uani. Likimshinda, linapunguzwa. Kwa maelezo yake, gari huishia barabara inapoishia, na wagonjwa hawajawahi kukubali kusogea hapo.

Mengine alijifunza kwa uchungu. Baada ya tetemeko la 2016 alifuatana na timu hadi Kaagya, na masanduku aliyoyazungushia selotepu mara tano kwa mkono wake. Yalifika salama, ila hakuna aliyekumbuka kitu cha kuyafungulia. Daktari alijaribu ufunguo wa gari, muuguzi akajaribu meno, na mama mmoja aliyetolewa kwenye kifusi amelazwa juu ya majani ya migomba akisubiri dripu. Ta Mujuni, mkulima jirani, akajitolea muhoro wake, panga lililopinda la shambani. Ukafungua sanduku, ukafungua na mifuko minne ya dripu iliyokuwa juu. Mama yule alipona kwa mfuko wa tano. Hakukuwa na wa sita.

Aliporudi, Ma Kokwijuka aliomba mikasi sitini. Bw. Aristides wa ugavi akauliza kama stoo imefungua darasa la ushonaji. Ma akamsogezea sanduku moja, akamwomba kwa heshima zote alifungue kwa kucha. Mikasi iliidhinishwa kabla ya chai.

Tangu hapo kila sanduku hutoka na mkasi umefungwa kwa uzi kwenye kifuniko. Mafuriko yalipokata barabara ya Kishanda, wanakijiji waliyabeba masanduku kichwani kwa saa mbili nzima. Muuguzi Hellen anasema mtoto wa kwanza aliyekuwa akiharisha alishakunywa kikombe cha ORS daktari akiwa bado anahangaika kuvuta buti lake kwenye tope.

Wengi tuliogopa: akiondoka, nani atafunga? Jumatatu iliyopita mrithi wake, Isaac, alifunga sanduku lake la kwanza peke yake. Ma alizunguka nalo uani kichwani, akalitua bila kupunguza kitu, akaenda kunywa chai. Wanaomjua walimpongeza Isaac.

Ma Kokwijuka, asante sana. Shamba lako la Rubya likupokee vizuri, na afya ikukae mwilini miaka mingi. Zawadi yetu tumeizungushia selotepu mara tano, kwa makusudi. Usitafute muhoro, angalia juu ya kifuniko.