Mtieni Mama Woga wa Pwani

Benchi lile halikuwa benchi. Lilikuwa mlango wa zamani wa chumba cha baridi uliolazwa juu ya matofali, mnene kama godoro, na mpini wake wa chuma bado umechomoza upande mmoja, kwa hiyo anayechelewa ndiye anayekalia mpini. Liliegemea ukuta wa nyuma wa tanuri la mikate, ukuta wenye joto kutwa, na ndiyo maana watu wa kijiwe hawaliachi hata manyunyu yakianza, kwa kuwa mji wenyewe uko juu mlimani na baridi yake haina adabu. Jumamosi ile walikuwa watatu wale wale. Dereva, aliyeendesha malori miaka thelathini na mpaka leo anakaa kama vile kuna usukani mbele ya tumbo lake. Profesa, karani wa shule mstaafu, anayesoma magazeti ya mwezi uliopita kana kwamba yametoka asubuhi. Na Fundi Saa, mwenye meza yake ndogo hapo hapo pembeni, lenzi jichoni. Muuza kahawa alikuwa ameshatenga birika juu ya mkaa. Ndipo akatokea Cherehani, mtoto mgongoni, anahema. Jina hilo walimpa wao, maana akianza kusema hakati uzi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, Cherehani, akajibu Dereva. Leo nani kakukimbiza?

— Sijakimbizwa, sikilizeni, sina muda, mama anatoka zamu saa nne na atapitia hapa kama kawaida yake, halafu saa sita anampigia mama mdogo kule pwani kumpa jibu, maana mwisho wa mwezi huu anastaafu na mama mdogo ana chumba cha uani, anasema mama asipokitaka leo anampa mtu mwingine, na mama akienda huko mimi nimekwisha, wazee wangu, nimekwisha kabisa, kwa hiyo nawaomba, akija mtieni woga.

— Woga wa nini? akauliza Fundi Saa bila kuinua kichwa.

— Wa pwani! Wa joto! Wa mbu! Wa chochote!

Hakuwaambia kwa nini. Aliona haya. Mtoto wake, wa mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa ameshashikwa na degedege mara mbili, homa inapanda ghafla, macho yanageuka, mwili unakakamaa kama ubao, na mara zote mbili yeye, mama mzazi, alisimama katikati ya chumba mikono kichwani, anapiga mayowe, mpaka bibi mtu alipoingia kutoka uani na mapovu ya sabuni kwenye vidole, akamchukua mtoto, akafanya la kufanya. Mumewe ni fundi wa nguzo za umeme, wiki tatu kati ya nne yuko safarini. Tangu hapo mtoto akikohoa tu, anamwita mama yake. Na alikuwa na hakika, kama anavyolijua jina lake, kwamba siku mama yake akipanda basi la kwenda pwani ndiyo itakuwa siku ya mara ya tatu.

— Kazi ndogo hiyo, Dereva akasema. Pwani mimi nimefika mara mia mbili.

— Ukakaa? akauliza Profesa.

— Nikashusha mzigo nikaondoka. Lakini macho si ninayo?

— Niachieni mimi, Profesa akakunja gazeti. Mtu haogopeshwi kwa hadithi za lori. Anaogopeshwa kwa sayansi.

Saa nne na kitu Bi Barafu, mama yake Cherehani, akafika. Miaka ishirini na tisa amefungasha mboga za kusafirishwa kwenye vyumba vya baridi, na mpaka koti lake lile nene lilikuwa limechukua umbo lake, yaani hata likitundikwa msumarini unaweza kulisalimia. Akaketi juu ya mpini, akausogelea ukuta, akaupa mgongo kwanza, kisha viganja. Vidole vyake havikunjuki vyote, viwili vimebaki vimepinda kama vimeshika kitu. Mjukuu akamnyooshea mikono, naye akampakata.

— Habari za kazini, Bi Barafu? Dereva akaanza, akamkonyeza Cherehani. Nasikia unatuhama. Kule kuna joto, dada yangu. Siku moja niliacha kandambili zangu kwenye ngazi ya lori, saa saba mchana. Kurudi, ya kulia imenywea imekuwa ya mtoto wa darasa la pili.

— Haa!

— Haki tena. Nikarudi nyumbani nachechemea. Na usiku ndiyo balaa. Huwezi kujifunika hata kanga. Unalala chali, mikono huku, miguu kule, kama mtu aliyedondoka kutoka darini.

Bi Barafu akageuka taratibu.

— Mikono mtu anainyoosha?

— Utaikunja vipi, na jasho lile?

— Mimi nalala nimeibana mapajani, mwaka wa kumi huu, Bi Barafu akasema kama anajisemea mwenyewe. Nikiitoa nje naamka nalia.

Cherehani akakohoa. Akamtazama Profesa kwa jicho la kuomba msaada.

— Hayo ya Dereva ni madogo, Profesa akaingia. Tatizo la pwani ni chumvi. Chumvi iko hewani. Inakula bawaba, inakula kufuli, inakula mabati. Nimesoma kwenye gazeti. Sasa jiulize, kama inakula chuma, binadamu je? Ukikaa kule chumvi inakuingia, inanyonya maji yote mwilini, unakauka.

— Maji yote?

— Yote.

— Na haya ya magotini? Bi Barafu akapandisha sketi kidogo juu ya buti za mpira, akawaonyesha goti lililofura. Haya daktari kanitoa mara mbili, yanarudi.

Profesa akafungua gazeti, akalifunga. Cherehani akamkanyaga mguu.

— Ehee, si... si maji ya namna hiyo, Profesa akasema. Haya ya magoti yako kwenye idara nyingine.

— Wewe mwanangu mbona unakanyaga watu? Kaa chini.

— Sikai, mama, nimechoka kukaa, nimekaa tangu asubuhi.

Hakuwa amekaa tangu asubuhi. Alihama upande mmoja wa benchi kwenda mwingine, akashika kikombe cha kahawa ambacho si chake, akakirudisha, akatazama saa kwenye meza ya Fundi Saa, na kwa kuwa pale kuna saa kumi na tano na kila moja inasema lake, akazidi kuchanganyikiwa.

— Fundi, na wewe sema basi! akapayuka.

Fundi Saa akavua lenzi. Ni mtu asiyesema ovyo, na kwa sababu hiyo wote wakanyamaza.

— Chuma kikipata joto kinatanuka, akasema. Saa za mitambo nikizipelekea joto zinachelewa. Mteja mmoja aliondoka hapa na saa sahihi, akakaa pwani mwezi mmoja, akarudi imechelewa nusu saa nzima. Sasa mimi nasema, moyo nao ni mtambo. Kule unapiga polepole. Siku ya kule si sawa na siku ya huku. Ni ndefu. Asubuhi haiishi. Utachoka kungoja mchana.

— Umesikia, mama? Cherehani akadakia. Asubuhi haiishi!

— Nimesikia. Miaka ishirini na tisa asubuhi yangu inakwisha mlango ukifungwa nyuma yangu. Hiyo isiyoisha nitaipenda.

Muuza kahawa akacheka mpaka akamwaga kahawa. Dereva naye akaona heshima yake inapotea, akakanyaga mafuta.

— Basi nikwambie ambalo sijawahi kumwambia mtu. Bahari inavuta. Inavuta nchi kavu, kidogo kidogo, kila siku unene wa unywele. Nyumba za kule hazikai mahali pamoja. Niliwahi kulaza lori mbele ya duka, kuamka niko mbele ya kinyozi.

— Ulikuwa umelewa, Profesa akasema.

— Lori lilikuwa limelewa? Breki ya mkono nilivuta mwenyewe! Bi Barafu, chumba hicho cha uani utakilalia leo, baada ya miaka mitano utaamkia uani kwa jirani!

Bi Barafu hakucheka. Alimtazama Dereva, akamtazama Profesa, akamtazama Fundi Saa ambaye ghafla alipata kazi ya kufuta kioo kilichokwisha kuwa safi.

— Nyie, akasema. Nani kawatuma?

Profesa, mtu mzima yule, akamtazama Cherehani moja kwa moja kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani.

— Ni mimi, mama, akasema Cherehani, na uzi ukaanza kwenda. Ni mimi, nimewaambia wakutishe, kwa sababu ukiondoka mtoto atashikwa, najua atashikwa, na nitasimama pale pale kama ile siku, mama, miguu haiendi, mikono haiendi, naona mwanangu anageuka rangi na mimi napiga kelele tu, baba yake hayupo, jirani viziwi, na wewe uko huko unanyoosha mikono, nitakupigia simu utaniambia nini kwenye simu, eti? Sitaki uende. Nisamehe. Sitaki.

Mtoto aliposikia sauti ya mama yake imepasuka akaanza kufinya uso. Bi Barafu akampigapiga mgongoni kwa ule mkono uliopinda.

— Kwa hiyo mimi nitundikwe ukutani, akasema, kama ile ndoo ya mchanga kazini kwetu. Miaka yote imening'inia pale, inangoja moto.

— Sikusema hivyo, mama.

— Umesema. Na si vibaya kusema. Unafikiri mimi ninalo jibu? Tangu Jumatatu nakunja nguo nakunjua nguo. Huyo mama yako mdogo, tangu utotoni hatujawahi kumaliza siku tatu chini ya paa moja bila kununiana. Na huyu, akamnusa mjukuu kichwani, huyu nikikosa kumshika siku moja mikono inaniuma zaidi. Lakini hiyo baridi ya hapa, mwanangu! Kazini baridi, njiani baridi, kitandani baridi. Nakwenda, sendi, nakwenda, sendi. Nimechoka na kichwa changu.

Akainuka. Akaketi tena. Cherehani naye akaketi, kisha akainuka. Profesa akashauri nusu mwaka huku, nusu mwaka kule. Dereva akasema mtoto naye apelekwe pwani, Cherehani akamjibu kwamba na kazi yake ya ususi ataipeleka kwa nani, wateja wataletwa kwa lori? Wakawa wanasema wote kwa pamoja, na hapo ndipo hakuna aliyemwona msichana aliyesimama mbele yao mpaka aliposalimia mara ya pili.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, gauni jepesi, midomo imepauka kwa baridi, buti mpya za mpira amezikumbatia kifuani.

— Shikamooni. Samahani, vyumba vya baridi ni njia hii? Nimetoka pwani jana, nimeambiwa kuna mama anastaafu, nije nianze kujifunza kazi yake Jumatatu.

Watu wa kijiwe wakatazamana.

— Ndiyo njia hii, Bi Barafu akasema. Mama mwenyewe ndiye mimi.

— Oh! Shikamoo mama.

— Marahaba. Buti hizo zitakubana. Kabadilishe, chukua kubwa kwa namba moja, uvae soksi mbili, ya pamba ndani.

— Ahsante mama. Msichana akasitasita. Akatazama koti lile, akatazama mikono iliyompakata mtoto, akaitazama tena. — Mama, hiyo baridi ya humo ndani, ikishamwingia mtu, halafu akaacha kazi... huwa inatoka?

Dereva, aliyefika pwani mara mia mbili, akatazama ndani ya kikombe chake. Profesa hakufungua gazeti. Fundi Saa alirudisha lenzi jichoni, ingawa mezani hakuwa na kitu cha kutazama. Ndani, mtu alifungua mlango wa chuma wa tanuri na kuufunga.

— Sijui, Bi Barafu akasema mwishowe. Sijawahi kukaa nje yake muda wa kutosha nikajua.

Msichana akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake upande alioonyeshwa. Cherehani akamsindikiza kwa macho mpaka pale barabara inapokata kona. Halafu akamwangalia mama yake, si uso, vidole, vile viwili, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi maneno hayakuja kwa fujo. Yakaja moja moja.

— Mama. Nionyeshe.

— Nini?

— Unavyofanya. Akishikwa. Nionyeshe polepole, mikono yangu ndiyo ifanye, si yako.

Bi Barafu akainuka na mtoto. Kisha wazee wakafurushwa kwenye benchi, vikombe vikaondolewa, kanga ikatandikwa juu ya ule mlango mnene, mtoto akawekwa katikati.

— Mlaze ubavu. Si chali, ubavu. Usimwekee kitu mdomoni, wala kijiko, wala kidole. Usimbane asitikisike, mwache atikisike. Mfungue nguo shingoni. Kisha?

— Kisha... naita watu?

— Kisha unatazama saa. Ujue ni dakika ngapi, watakuuliza hospitali. Ndiyo unaita watu. Tena.

Mtoto alidhani anachezewa. Alicheka, akabingirika, akashika pua ya mama yake.

— Mama, anacheka.

— Leo anacheka. Siku hiyo hatacheka. Tena, kutoka mwanzo.

Cherehani akamgeuza mtoto ubavu, akahesabu kwa sauti ndogo, akakwama, akainua kichwa amuulize mama yake kinachofuata. Mama yake hakuwapo pembeni. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya tanuri, simu ya saa sita sikioni, mgongo amewapa, mkono mmoja hewani unaeleza jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Cherehani akafumbua mdomo kumwita.

— Endelea, Fundi Saa akasema taratibu. Ulikuwa umefika shingoni.

Akafunga mdomo. Akarudisha macho kwa mtoto, akamfungua kifungo cha juu.