Mama Chilufya Anapumzika, Nkambo Katongo Anabaki

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kushona ngozi, Mama Chilufya Kunda anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Aliingia Kituo cha Viungo Bandia Twikatane, hapa Katuba, Lubumbashi, mwezi wa Septemba 1996, akiwa na mtoto mgongoni na sindano zake mwenyewe mkobani, kwa sababu hakuwa na imani na sindano za watu. Anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha ngozi, bibi wa wajukuu watano, na mtu pekee ambaye mkurugenzi wetu humwogopa waziwazi.

Alizaliwa Chililabombwe, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Baba yake alikuwa fundi viatu, naye ndiye aliyemfundisha kazi. Alipoolewa na Jeannot Kunda, fundi wa magari, alihamia Lubumbashi na kuleta ufundi huo kwetu. Wakati huo chumba cha ngozi kilikuwa meza moja na mwanga wa dirishani.

Wanaomfahamu wanajua sheria yake. Hakuna mgonjwa anayetoka na mguu mpya kabla hajatembea mpaka getini na kurudi, Mama Chilufya akimtazama nyayo. Wengi huwa na haraka ya kwenda nyumbani, kwa hiyo husema hawaumii huku wameuma meno. Hao huwakalisha tena. "Kiatu haisemake bongo," huwaambia, yaani kiatu hakisemi uongo, kisha huchukua kisu na kuanza upya.

Wazee wa kituo bado wanacheka wakikumbuka miaka ya vita, ngozi ilipokosekana mjini. Mama Chilufya alikwenda kwenye tombola, yaani soko la mitumba, akanunua mikoba ya akina mama, akaikata na kuifanya mikanda ya miguu bandia. Mikanda ilikuwa imara sana. Tatizo lilikuwa vifungo. Polisi mmoja mwenye masharubu makubwa alitembea mwaka mzima na kifungo cha dhahabu chenye umbo la ua chini ya goti, na alipoletewa cha kawaida alikikataa.

Amefundisha mafundi saba, na wanne kati yao wako nasi leo. Viatu vya watoto vyenye mshono mwekundu, ambavyo sasa vinaombwa hata na vituo vya mikoa mingine, ni wazo lake. Alisema mtoto anayevaa kiatu kizito anastahili angalau kukipenda.

Hayo yote yangetosha kujaza ukurasa huu. Lakini wengi mmeuliza kwa nini anaondoka sasa, wakati angeweza kuendelea kidogo. Jibu ni mama yake mzazi, Nkambo Katongo, yaani Bibi Katongo, na Mama Chilufya ameturuhusu tulieleze, mradi tusimpambe.

Nkambo Katongo aliishi Chililabombwe akitunzwa na mwanawe wa mwisho, Mwila, mfanyakazi wa mgodini. Mwaka 2018 Mwila alifariki katika ajali ya barabarani. Mama Chilufya alitaka kumsaidia mama yake, lakini mama alikataa katakata. Kwake yeye, binti aliyeolewa analisha nyumba ya mumewe, na mama anayepokea chakula kutoka nyumba hiyo ni ombaomba tu.

Basi Mama Chilufya akatafuta njia. Alikuwa na rafiki, Mama Virginie, mchuuzi anayevuka Kasumbalesa kila wiki na mizigo kichwani. Kila mwezi alimpa unga, mafuta, sabuni na dawa za macho, na akamwomba aseme kwamba vitu hivyo vinatoka mgodini, fungu la marehemu Mwila. Nkambo alipokea kwa furaha. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe amekufa lakini hajaacha kumlisha. Kila Jumapili kanisani aliwaombea wakubwa wa mgodi afya na maisha marefu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka jana. Macho ya Nkambo yalikuwa yameingia ukungu, na siku moja akipika peke yake alishika mbabula, jiko lenye makaa, akidhani ni sufuria. Mkono uliungua vibaya. Mama Chilufya alivuka mpaka siku iliyofuata, akamleta Katuba kwa karatasi ya muda mfupi, akaanza kumwombea kibali cha kukaa nchini pamoja na familia.

Ofisi ya vibali ilitaka jambo moja: ithibitishwe kwamba mama anaishi kwa mkono wa binti yake. Mama Chilufya hakuona shida, kwani ndivyo ilivyokuwa. Alisahau tu kwamba kati ya watu wote, asiyejua hilo ni mama mwenyewe.

"Nkambo, nani njo anakulishaka?" afisa alimuuliza kwa upole.

"Mwana yangu Mwila," Nkambo akajibu, kichwa juu. "Alikufa, lakini ananilishaka mpaka leo. Mugodi inatumaka."

"Na huyu binti yako?"

"Huyu? Huyu iko na batoto yake. Miye siombake kitu kwake."

Afisa alifunga dosie, jalada la maombi yao. Alisema hawezi kuandika kinyume cha maneno ya mzee mwenyewe. Akaongeza muda kidogo, akawataka warudi na shahidi, na mama awepo kusikia ushahidi huo.

Wiki hiyo Mama Chilufya alishona jozi ya viatu vya mtoto, vyote viwili vya kushoto. Kwa fundi mwingine tungecheka. Kwake tulielewa kuna jambo. Alipotusimulia wakati wa chakula, alisema yuko tayari kukosa kibali. Akimwambia mama ukweli, Mwila atakufa mara ya pili. Asipomwambia, mama atarudi kwenye nyumba tupu na mbabula yake.  Mzee wa chumba cha plasta, ambaye huwa na ushauri kwa kila kitu, alimmenyea chungwa tu.

Aliamua mwenyewe. Jumapili baada ya ibada aliketi karibu na mama yake uani, wakibambua karanga, akamweleza kila kitu bila kupindisha. Nkambo aliacha karanga.

"Hata sabuni?" akauliza.

"Hata sabuni, mama."

"Na kile kitenge cha Noeli?"

"Nacho pia."

Mama Chilufya anasema kilichofuata hakuwahi kukiona hata siku ya mazishi. Mama yake alimlilia Mwila kwa sauti, kana kwamba habari ya kifo ndiyo kwanza imefika. Kisha akakataa chakula kilichopikwa na binti yake. Alikula tu kwa mjukuu wake Najma, na Mama Chilufya akipita, Nkambo alielekeza uso ukutani. Mama Chilufya alikuja kazini kila asubuhi na macho mekundu, akafumua vile viatu vya kushoto, akavishona upya sawasawa.

Siku chache baadaye Nkambo aliomba aitwe Mama Virginie. Mchuuzi huyo alikuja, akapiga magoti mlangoni.

"Weye!" Nkambo akamwambia. "Kila mwezi ulikuwa unanibebea bongo ku kichwa pamoja na bunga!"

"Nisamehe, mama."

"Na miye naombea bazungu ya mugodi! Banajua hata jina yangu?"

Hapo Mama Virginie akashindwa kujizuia, akacheka. Nkambo akamkodolea yale macho yenye ukungu, halafu naye akacheka, akilia bado. Akataka kujua kama kuna mwezi ambao binti yake aliruka. Mama Virginie akaapa kwamba haupo, hata ule mwaka mpaka ulipofungwa kwa ugonjwa wa korona, ambapo walimlipa dereva wa lori la saruji apitishe mzigo. Nkambo akajifuta machozi. Kisha akamwita Chilufya, akamwambia alete ugali.

Walirudi ofisini watatu. Mama Virginie alikuwa amejiandaa kusema mengi, lakini Nkambo alimtangulia.

"Shefu, andika," alimwambia afisa. "Miye naishi kwa mukono ya Chilufya. Nilikuwa sijue, sasa najua. Na uandike tena: Mwila naye alikuwa mutoto muzuri."

Afisa alisema fomu haina mahali pa hilo la pili. Nkambo akasema basi hatatia alama ya kidole. Afisa akamtazama, akageuza karatasi, akaandika upande wa nyuma. Mama Virginie anatuhakikishia kwamba aliandika kweli, kwa maana yeye ndiye aliyemsomea Nkambo.

Kibali kilitoka mwezi wa Agosti. Asubuhi hiyo Mama Chilufya aliingia karakana akiwa ameshika kadi kwa mikono miwili, akaiinua ili wote tuione. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, mahali ambapo hatukuwahi kumwona ameketi, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa gunia. Mgonjwa mmoja akagonga gongo lake sakafuni, mwingine akafuata, na kelele ikawa kubwa mpaka mkurugenzi akatoka mbio akidhani jengo linaanguka.

Sasa Nkambo Katongo anakaa Katuba kihalali, na Mama Chilufya anastaafu ili amwangalie mchana pia. Daktari ameahidi kwamba jicho la kulia linaweza kusaidiwa. Anagombana na binti yake kuhusu chumvi, kuhusu redio, na kuhusu nani ana haki ya kumbeba kitukuu. Mama Chilufya anasema hajawahi kuchoka namna hii wala kulala usingizi mzito namna hii.

Sherehe ni Ijumaa saa nane mchana, katika chumba cha mazoezi. Nkambo atakaa mbele. Ametutumia salamu kwamba hotuba ziwe fupi na nyama iwe laini.

Mama Chilufya, asante kwa kila mshono, kwa kila karipio, na kwa kila mgonjwa uliyemrudisha ndani hata alipokuwa ameshaaga. Asante kwa kututunzia kazi hii miaka ambayo hakukuwa na ngozi wala umeme. Mafundi wako watakosea, na tunajua utasikia, kwa sababu Katuba haina siri. Nenda nyumbani kwa moyo mweupe. Umewatembeza wengi, sasa keti na mama yako, na Mungu awape siku nyingi za kugombania chumvi.

Lydie Mwansa, mapokezi,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Twikatane