Pudensiana Shirima, Mpanga Viti vya Mbele

Leo, tarehe 30 Juni 2005, Bibi Pudensiana Shirima anafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya Usafiri Mawio kwa miaka kumi na saba na miezi minne. Wateja wanamfahamu kama Mama Princess, kwa jina la binti yake wa kwanza. Sisi tuliofanya naye kazi tunamfahamu kama mtu ambaye ukigusa kalamu yake nyekundu bila ruhusa, siku hiyo chai huinywi kwa amani.

Alizaliwa Rombo mwaka 1950. Kabla ya kuja kwetu alikuwa opereta wa simu katika shirika moja la umma hapa Arusha, mpaka shirika lilipopunguza watu na yeye akajikuta nje na bahasha mkononi. Wapo waliorudi nyumbani kulima. Yeye aliona tangazo la ofisi mpya ya tiketi, ya mtu binafsi, akaja siku hiyo hiyo akiwa amevaa viatu vya kanisani. Tarehe mosi Machi 1988 akaanza kazi katika chumba kimoja chenye simu moja, taipureta moja na kiti kimoja cha wageni. Kiti cha wageni alikiweka kitazame dirisha, ili mteja aone Mlima Meru. Chake akakigeuza, na kwa miaka yote hii ameupa mlima mgongo.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Ghafla kila mtu mjini akawa na safari: wa kahawa, wa madini, wa maua, wa kuleta watalii. Watu ambao mwaka juzi walikuwa wanapanga foleni ya sukari sasa walikuja kuulizia daraja la biashara hadi Ulaya, na wote walitaka kitu kimoja, kiti kizuri kuliko vyote. Hapo ndipo Mama Princess alipojitengenezea jina.

Alinunua kaunta buku, akachora kila ndege kwa rula, kiti kwa kiti. Mteja akirudi safari, alikalishwa, akapewa chai ya tangawizi, kisha akahojiwa kama shahidi mahakamani. Ndivyo alivyojua kwamba viti vya mbele kabisa, ambavyo watu wanavililia, vinatazama ukuta: miguu inapata nafasi lakini mkoba huna pa kuuweka, na ukutani pale ndipo wanapotundika vitanda vya watoto wachanga. Viti vya mstari wa mwisho havilazwi nyuma vizuri, na foleni ya choo inakupumulia sikioni. Ukikaa karibu na jiko, utasikia vikombe vikigongana safari nzima. Alijua hata kiti kimoja cha dirisha ambacho hakina dirisha. Mpaka leo kuna kaunta buku sita kabatini, na hakuna mtu mjini mwenye kitu kama hicho.

Mzee mmoja wa kahawa kutoka Akheri aling'ang'ania akae karibu na dereva, kama anavyofanya kwenye basi la Dar. Sisi wengine tulikimbilia chumba cha nyuma kucheka. Mama Princess hakucheka. Alimweleza kwa adabu kwamba rubani hujifungia, akampa kiti cha upande ambao mlima ungeonekana wakati wa kuruka. Mzee aliporudi alituletea mkungu wa ndizi uliotulisha wiki mbili.

Wengi mnauliza kama yeye mwenyewe amewahi kupanda ndege. Amepanda, mara mbili, kwenda semina. Ofisi ilimkatia tiketi ya bei ya chini kabisa, na mara zote mbili alikaa jirani na choo. Hakulalamika. Alirudi akaandika kwenye kaunta buku.

Sasa niseme jambo ambalo nimelibeba tangu mwaka 1998. Mwaka ule Bwana Lomayani, mfanyabiashara wa madini wa Elerai, alitaka kumpeleka mama mkwe wake, Koko Soila, yaani Bibi Soila kwa Kimaa, kutibiwa macho Ujerumani. Mkewe Nashipae hakuweza kumsindikiza mama yake kwa kuwa alikuwa na mimba ya mapacha. Lomayani hakuja ofisini mwenyewe, alimtuma dereva na pasipoti mbili. Mama Princess alifungua kaunta buku na kuwapa lulu yake, viti viwili vya mstari wa pili, bega kwa bega, kimoja dirishani na kingine pembeni mwake. Katika vitabu vyake vyote hapakuwa na viti vizuri kuliko hivyo.

Masikini ya Mungu. Kwa desturi ya kwao Waarusha, mkwe haketi kando ya mama wa mkewe, na wala hawali wakionana. Lomayani alimkalisha mama, kisha akasimama. Alisimama karibu na pazia la jiko kwa muda wa saa nane hivi, miguu ikavimba, wahudumu wakimbembeleza akae. Koko Soila alijifunika shuka kichwani na hakula wala hakunywa hata tone la maji mpaka wakatua. Alifika amelegea kiasi kwamba madaktari waliahirisha upasuaji siku nne. Kurudi, bahati yao, ndege ilikuwa nusu tupu, kila mmoja akapata upande wake.

Nashipae ndiye aliyekuja kutueleza, kwa sauti ya chini, bila kugomba. Jicho la kulia lilikuwa limepona. La kushoto lilitakiwa kufanyiwa upasuaji baada ya miezi minane, la sivyo lingezima kabisa. Na Koko amekataa katakata. Kwamba jicho moja linamtosha kuhesabu ng'ombe wake, na yeye hapandi tena kitu kinachomkalisha na mkwe wake kama bibi harusi na bwana harusi.

Mama Princess alishika kichwa. Kwao Rombo nako wazee wana heshima hiyo hiyo. Mkwe haketi kochi moja na mama wa mkewe. Angejua asingefanya. Mkurugenzi alimwandikia barua ya onyo na iko kwenye faili lake hadi leo.

Barua ile ilistahili kuwa yangu. Aliyepokea zile pasipoti ni mimi, nikiwa na miezi miwili tu ya majaribio kazini. Dereva aliniambia wazi kwamba mzee anampeleka mama mkwe. Nikaona ukoo wa watu hauhusiani na tiketi, nikaandika kwenye fomu: abiria wawili, viti bora. Mama Princess alijua, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Alipoitwa ofisini kwa bosi alisema viti amechagua yeye, ambayo ni kweli, na jina langu hakulitaja. Akitoka aliniambia maneno matatu tu: twende kwa Koko. Niliona aibu wiki nzima. Mkurugenzi, kama unasoma haya, tutaongea kesho asubuhi.

Jumamosi tukaenda nyuma ya mlima, upande wa magharibi, mimi nimebeba kaunta buku. Mama Princess alimwamkia Koko, akaomba radhi kwanza, kisha akaomba vigoda. Pale uwanjani, mbele ya zizi, akapanga ndege nzima kwa vigoda na ndoo zilizopinduliwa. Nashipae, aliyekuja na mumewe, alikuwa anatafsiri Kimaa. Mimi nilipewa kazi ya kuwa choo.

Alimhamisha Lomayani kila mahali, na kila mara akamuuliza Koko kama anamwona, na kama yeye anaonekana akila. Akikaa nyuma yake, haifai. Akikaa mbele yake moja kwa moja, kiti kikilazwa kinamwangukia mama mapajani, haifai kabisa. Jua likatuchoma. Mwishoni Koko akawa dirishani kushoto, mstari wa tatu, na Lomayani mstari wa kwanza, upande wa kulia wa ujia. Koko akanywa maziwa kwenye kibuyu, akaita. Lomayani akaitikia bila kugeuka, macho yake mlimani. Koko akacheka mpaka akafuta lile jicho zima kwa shuka.

Tukadhani tumemaliza. Ndipo Koko akauliza, na pale kando yangu atakaa nani?

Mama Princess akaliandika swali lile kwenye kaunta buku. Alirudi mjini, na safari ilipokaribia alikaa kwenye simu kwa siku tisa. Mashirika ya ndege hayataji majina ya abiria, kwa hiyo alipigia ofisi za tiketi moja baada ya nyingine, akiuliza ni mwanamke gani mjini, anayejua Kimaa, atasafiri siku moja na Koko. Kazi nyingine zote zilinidondokea mimi na sikuthubutu kuguna. Siku ya tisa akampata Anaeli, mama wa Akheri anayepeleka maua Uholanzi, ambako ndege ya Koko ingepitia. Anaeli alikulia Nduruma, kati ya Waarusha, na Kimaa chake ni cha kuzaliwa nacho. Alikuwa ameshashika kiti cha dirisha alichokipenda. Mama Princess alimfuata shambani kumwomba ahamie mstari wa tatu, kiti cha pembeni. Anaeli alikubali kabla hajamaliza kuelezwa.

Walisafiri Machi 1999, Nashipae akibaki na mapacha wake wachanga. Koko Soila alikula chakula chote, na hata tambi ambazo hakujua ni kitu gani, akapiga usingizi na kuamka wakikaribia kutua. Alipasuliwa siku iliyofuata. Jicho la kushoto likafunguka.

Kuanzia hapo Mama Princess hakugusa fomu ya mtu kabla ya kuuliza: "Unasafiri na nani, na ni nani kwako?" Kompyuta zilipokuja, viti vitupu vikaanza kuonekana kwenye kioo kwa rangi ya kijani, na vijana wa kaunta wakaona swali lile limepitwa na wakati. Yeye aliendelea kuuliza. Kwa swali hilo amewatenganisha washindani wawili wa madini waliokuwa na kesi mahakamani, na amewakutanisha ndugu wawili waliokuwa hawajasemezana tangu msiba wa baba yao. Hao wa pili nilidhani amekosea. Walirudi wakicheka, wakaagiza tiketi nyingine.

Tunamshukuru mumewe, Mzee Romanus, kwa kutuazima mke Jumamosi nyingi kuliko tulizostahili. Tunamshukuru Princess na wadogo zake. Nami, Melkizedeki wa meza ya pili, namshukuru kwa miezi ile ya majaribio ambayo ingeishia pale pale. Sijawahi kumwambia hivyo ana kwa ana. Nimekuwa mwoga kwa miaka saba, na ninaona ni rahisi zaidi kuliandika mahali ambapo kila mtu atalisoma.

Mama Princess, pumzika. Lima migomba yako, lea wajukuu, na afya isikupungukie.

Kabla hujaenda meza kuu, neno moja kuhusu kiti chako. Ukumbi wa leo nimeupanga mimi, kwa rula, kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku ya sita. Niliazima kalamu yako nyekundu, unisamehe. Juzi Nashipae alileta salamu za mama yake, nazo nazinukuu kama zilivyokuja: "Mniwekee nafasi kando yake. Na mkwe wangu mumweke mbele."

Kwa hiyo Bwana Lomayani yuko mstari wa kwanza, kulia. Wewe uko dirishani, na safari hii mlima uko mbele yako. Jirani yako ni Koko Soila, ametoka nyuma ya Meru tangu asubuhi na anakuona kwa macho yote mawili. Tumeuliza.