Daktari Matofali na Dawa Aliyoisimamisha

Ifikapo tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari wetu mtafiti wa magonjwa ya umio atakabidhi funguo za chumba cha mwisho kwenye korido ya chini. Mrithi wake hajapatikana, na tumeambiwa tusitazamie. Mimi muuguzi niliyefanya naye kazi tangu sijaolewa, na sasa nina wajukuu, nimeombwa niandike machache ya kumuaga. Nimekubali kwa shingo upande.

Wengi mnamjua kwa jina la Daktari Matofali. Umio ni njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, na asidi ya tumbo ikipanda humo mtu akiwa amelala, huunguza na kuacha vidonda. Basi kila mwenye kiungulia aliagizwa ainue kitanda kwa matofali upande wa kichwani. Fundi cherehani mmoja akayaweka upande wa miguuni, akarudi macho mekundu: "Daktari, kiungulia kimezidi, na kila asubuhi naamka kichwa kimegota ukutani!" Daktari alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu hapo akawa anawachorea wagonjwa kitanda.

Alipoanza kazi, watu walidhani kiungulia ni adhabu ya walafi. Mpira mwembamba wenye kamera, wa kuchungulia umio, ulipoletwa, aliumeza yeye kwanza, mbele yetu, machozi yakimchuruzika. Alitaka ajue anawaomba watu nini.

Kazi yake kubwa ilikuwa jaribio la dawa mpya ya vidonda hivyo. Wagonjwa walipata nafuu ya ajabu. Mmoja wao alikuwa mama mwalimu wa kwaya, ambaye maumivu ya asidi kooni yalikuwa yamemkausha sauti hata akawa anafundisha kwa kupunga mikono tu. Haukupita muda akaanza kuingia kliniki akiimba, na foleni nzima ikimwitikia. Sisi tulishaanza kupongezana.

Daktari hakupongeza mtu. Aliwapima tena kwa kamera, akakuta vidonda viko palepale, na vingine vimechimbika zaidi. Dawa ilikuwa imeua maumivu tu. Ndani, mambo yalikuwa yanaharibika kimyakimya.

Alilisimamisha jaribio wiki ileile. Wafadhili walimsihi asubiri matokeo yakamilike. Mkubwa mmoja alimwambia anapiga teke sahani yake mwenyewe. Yeye alijibu, "Siwezi kumwacha mtu aungue kwa sababu tu halii."

Kisha akawaita wagonjwa mmoja mmoja, akawaeleza. Mwalimu wa kwaya hakukubali. "Umenirudishia sauti, sasa unaninyang'anya?" alisema, akainuka na kuondoka. Daktari alimfuata hadi nyumbani zaidi ya mara moja, kumsihi arudi kwenye vidonge vya zamani na vipimo. Mume wake alimjibu akiwa amesimama mlangoni, wala hakumkaribisha ndani.

Mama yule alirudi wakati hata maji yanapita kwa shida. Umio ulikuwa umesinyaa, na saratani imeshaingia. Daktari alimwona kila asubuhi kabla ya kuanza kazi. Siku moja, nikiwa nabadilisha shuka, mama alimshika mkono, akamwambia kwa sauti iliyobaki: "Ulinambia kweli, kaka yangu. Mimi nilikuwa naitaka sauti yangu tu." Daktari alimrekebishia mto. Tulimzika mama wiki hiyo. Kwaya iliimba bila mwalimu, na mume alikuja mwenyewe kumpa daktari mkono.

Baada ya hapo kicheko chake kilipungua, na hakikurejea kama zamani. Lakini wagonjwa wengine wa jaribio lile walitibiwa mapema, na wengi wao wangali hai. Ripoti yake ya dawa iliyoshindwa haikumletea tuzo. Ilichofanya ni kuizuia dawa ile isifike madukani, na watu ambao hawatamjua kamwe wakanusurika.

Mwaka huu mkono wake ulianza kutetemeka. Hakungoja kuambiwa. Alinipa mpira wa kamera, akasema, "Dada, huu sasa usinipe tena hata nikiomba." Nilikwenda kulia stoo.

Daktari, ahsante. Wagonjwa wako wanakuulizia, nasi tutawaambia ukweli, kama ulivyotuzoesha. Hatukuombei usahau, maana tunajua hutaweza. Tunakuombea chakula kinachoshuka bila taabu, usingizi usiokatika, na miaka mingi kando ya mkeo, ambaye tulimchelewesha sana kukupata. Kaa salama, kaka yetu.