Mlima Wenye Kulabu Mbili

Benchi lililo mbele ya kibanda changu nililigonga mimi mwenyewe kwa ajili ya wateja wanaosubiri viatu. Huu mwaka wa sita wateja wanasimama. Wanaokaa ni hawa: Ramani, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye neno "sijui" halijawahi kumtoka kinywani, Wembe, kinyozi wa chumba cha pili, ambaye humwacha mtu amenyolewa upande mmoja ili aje kuchangia hoja, na Injinia, ambaye si injinia. Ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro. Jina tulimpa kwa kejeli siku alipoitengeneza pasi yake ikaunguza meza, naye akalipokea kwa heshima zote. Kahawa inauzwa na Mama Birika, anayetusikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Siku hiyo, saa tisa alasiri, Injinia alitokea akiwa amekumbatia picha kubwa kama mlango wa kabati. Nyuma yake alikuja Pembe Nne, fundi fremu wa ng'ambo ya barabara, nyundo mkononi, macho chini.

Injinia: Jamani, nisaidieni. Juu ni wapi?

Wembe: Juu ya nini?

Injinia: Ya hii picha! Mke wangu anarudi leo saa kumi na mbili, na sijui juu ni wapi!

Aliiegemeza kwenye benchi tukaitazama. Ilikuwa picha ya Kijapani, nakala ya zile za zamani, mlima wa buluu uliochongoka, na chini yake mlima mwingine wa buluu umesimama kwa kichwa, maana mbele yake kuna ziwa. Katikati, ukungu. Pembeni maandishi yao yameteremka kwa mstari mmoja, au yamepanda, na karibu yake mhuri mwekundu. Pembe Nne akaigeuza juu chini. Ikawa ni picha ile ile.

Mimi: Fundi si umeitia fremu wewe? Kulabu ya kutundikia iko wapi?

Pembe Nne: Ziko mbili. Moja huku, moja huku.

Mimi: Kwa nini mbili?

Pembe Nne: Ili nisikosee.

Mama Birika akatikisa kichwa, akammiminia kikombe. Pembe Nne akajieleza: alipoipokea karatasi ikiwa imeviringishwa, muuzaji alimwonyesha juu, naye kwa uangalifu akaandika JUU kwa penseli nyuma ya karatasi. Kisha, kwa uangalifu ule ule, akaifunika na ubao mwembamba na kuupaka gundi.

Wembe: Basi bandua ubao.

Pembe Nne: Gundi nzuri ile. Ukibandua, mlima unakuja nao.

Ramani: Na wewe Injinia, tangu lini unapenda sanaa? Sebuleni kwako nimeona kalenda tu, tena ya mwaka juzi.

Hapo Injinia akakaa. Akatusimulia. Mkewe alipokwenda kumuuguza dada yake wiki mbili, alimwachia agizo moja tu: usiguse ukuta wa sebuleni. Ukuta huo aliupaka rangi yeye mwenyewe, kwa ngazi ya kuazima, siku nne, rangi ya maziwa. Injinia akaona amfurahishe kwa kutundika televisheni. Akaazima drili. Tundu la kwanza likawa pana, akalipanua ili liwe na umbo. La pili likaungana na la kwanza.

Wembe: Sasa ni kubwa kiasi gani?

Injinia: Jana jirani aliniomba chumvi.

Wembe: Na tundu?

Injinia: Nilimpa kupitia hapo hapo.

Tulicheka mpaka Wembe akaegemea mlango wangu ukafunguka. Injinia hakucheka.

Injinia: Chekeni. Namwogopa mke wangu, sikatai. Lakini si hofu tu. Ule ukuta alikuwa anaufurahia, jamani. Asubuhi anakunywa chai anautazama. Hakuna kitu kingine mle ndani alichokifanya peke yake kikawa vile alivyotaka.

Wembe akaurudishia mlango wangu. Hata mimi, ambaye nilikuwa nimeshika kiatu cha mtu anayekihitaji saa kumi, nilikiweka chini.

Mimi: Na kwa nini ya Kijapani?

Injinia: Ndiyo kubwa pekee iliyokuwa dukani. Kulikuwa na ya ndege, nzuri kweli, lakini yule ndege asingefika hata nusu ya tundu.

Ramani akajifuta midomo. Nikajua tumekwisha.

Ramani: Tulieni, hili ni somo langu. Picha hizi hazichorwi kama mnavyodhani. Mchoraji anachora, mchongaji anachonga kwenye ubao wa mbao, kila rangi na ubao wake, kisha mpigaji chapa anapaka wino, analaza karatasi, anasugua. Sasa basi! Ubaoni kila kitu kinachongwa kinyume. Kushoto kunakuwa kulia.

Wembe: Na juu kunakuwa chini?

Ramani: Sikusema hivyo.

Wembe: Lakini hukukataa.

Ramani: Kitaalamu... uwezekano upo.

Injinia: Kwa hiyo ya juu ndiyo ya chini?

Ramani: Ngoja. Japani iko wapi? Upande ule wa dunia. Dunia ni nini? Duara. Sisi tumesimama hivi, wao wamesimama vile. Kichwa chao kinaelekea kule miguu yetu inakoelekea. Kwa hiyo mlima wao uliosimama, ukifika kwetu, unakuwa umepinduka. Ukitaka kuuona kama wanavyouona, unautundika kichwa chini!

Pembe Nne: Basi na redio zao zingekuwa zinasema kinyumenyume.

Ramani: Wewe fundi wa kulabu mbili usinifundishe dunia.

Wembe akachuchumaa mbele ya picha, akakaribia kama anamkagua mteja mwenye mba.

Wembe: Mzee, jibu liko kwenye maandishi. Haya ni maelekezo. Kama kwenye shati: fua kwa maji baridi, usipige pasi, tundika upande huu.

Ramani: Ni jina la mchoraji!

Wembe: Jina gani refu hivyo? Huyu mtu angeitwa kula, chakula kingepoa. Na huu mhuri mwekundu je? Mhuri mwekundu nauona wapi mimi? Ofisi ya ardhi. Hii, jamani, si picha. Hii ni hati.

Injinia: Hati ya nini?

Wembe: Ya mlima. Mtu kauza mlima wake, akauchora wote, akaeleza mipaka, afisa akagonga mhuri. Injinia, bwana, wewe una mlima!

Injinia: Mimi nina tundu.

Pembe Nne: Isitoshe hii ni nakala. Wameichapa mashineni.

Wembe: Na ile ya Kijapani yenyewe si nakala? Mwalimu kasema wanalaza karatasi, wanasugua, wanatoa. Wanalaza nyingine. Mia, mia mbili. Ya kweli ni ipi?

Ramani: Ubao. Ubao ndio asili.

Wembe: Basi tumeuziwa kivuli cha ubao, chenye picha ya mlima, wenye kivuli cha mlima. Injinia, kuna hasara tatu hapo.

Injinia: Mimi hata ubao mtupu ungenifaa! Nataka kitu kinachoziba! Ila nikikitundika kichwa chini atakitazama, akikitazama atasogea, akisogea atasikia jirani anakohoa.

Kwa sauti ile nilimwonea huruma kweli. Nikapendekeza tupige kura. Ramani na mimi tukasema upande wenye mhuri uwe chini, kwa sababu mhuri hupigwa chini ya karatasi. Wembe na Pembe Nne wakasema uwe juu. Injinia hakuweza kujipigia. Mama Birika tukamwomba aamue, akasema yeye kazi yake ni kahawa, na imebaki kidogo, kwa hiyo tuamue haraka.

Ramani: Basi tufanye kisayansi. Itundikwe nusu siku hivi, nusu siku vile. Kwao kukiwa mchana, kwetu...

Wembe: Yaani aamke usiku kugeuza mlima?

Ramani: Kulabu si ziko mbili? Fundi alikuwa mbele ya wakati wake!

Pembe Nne akainua uso kwa mara ya kwanza, akaanza kutabasamu. Wembe yeye akazidi, akasema tuitundike kwa ubavu, ili isiwe na juu wala chini na kila mgeni ainamishe shingo apendavyo. Walikuwa wameishika pande nne, kila mmoja akivuta kwake, mlima ukizunguka kama usukani, waliposikia mtu anasalimia.

— Hamjambo, mashemeji?

Alikuwa ni mke wa Injinia. Begi begani, kitenge kimekunjamana kwa safari. Tulijibu kwa pamoja, kwa nguvu iliyozidi kiasi. Wembe akamkumbuka mteja wake aliyemwacha kitini tangu saa tisa, lakini hakuondoka, maana mambo yalikuwa yamefika patamu.

Injinia: Mke wangu! Si ulisema saa kumi na mbili?

— Kaka yangu alikuwa na gari. Dada anaendelea vizuri, anawasalimu. Picha nzuri hiyo. Mbona mnaizungusha?

Ramani: Shemeji, ni suala zito la kitaalamu. Hatujui juu ni wapi.

Hakuweka hata begi chini. Akaitazama mara moja tu, akanyoosha kidole.

— Huu mlima hapa si una vimistari vya mawimbi? Haya ni maji. Na hivi vidoa ukingoni ni bata. Geuzeni. Bata hawaogelei miguu juu.

Tukainama wote sita, Mama Birika akiwemo. Kweli. Mlima mmoja ulikuwa na vimistari vyembamba, mwingine hauna. Na yale madoa ambayo Wembe alikuwa anayakwangua kwa ukucha kwa muda wote ule, akidhani ni uchafu wa gundi ya fundi, yalikuwa na midomo. Wakageuza. Mhuri ukaenda chini. Ramani akasema ndivyo alivyosema tangu mwanzo.

— Ni ya nani?

Injinia: Yetu. Zawadi. Nimekununulia. Ya sebuleni.

Uso wa shemeji ukalainika. Akasogea, akaigusa fremu pembeni, akamtazama mumewe kwa namna ambayo ilinifanya nitamani tundu lile lingekuwa kwenye ukuta wa mtu mwingine yeyote. Kisha akarudi nyuma hatua moja. Akaipima kwa mikono, mapana, marefu. Akamtazama Pembe Nne na nyundo yake. Akatutazama sisi wa benchi, mmoja mmoja, na kila mmoja wetu akaona kitu cha maana sana kwenye kikombe chake.

— Mume wangu, akasema taratibu. Hii picha inaziba nini?

Ramani, ambaye swali halijawahi kumshinda, akakohoa. Pembe Nne akaanza kukagua gundi. Wembe akaelekea dukani kwake kwa kinyumenyume. Mimi nikakirudia kiatu changu, nikakuta ninashona kilichoshonwa tayari. Injinia akanyoosha kikombe kwa Mama Birika, apate hata funda moja la kumpa muda. Mama Birika akainamisha birika mpaka mwisho. Halikutoka hata tone.

— Nimeuliza swali dogo tu, akasema shemeji.

Injinia akaweka kikombe chini. Akainyanyua picha kwa mikono miwili, polepole, mpaka ikamfunika kifua, kisha shingo, kisha uso. Tulichokiona ni viatu vyake tu na mlima, safari hii ukiwa umesimama sawasawa. Shemeji akaweka begi chini, akakaa kwenye benchi langu, akangoja ishuke.