Bi. Edda Lorimer, Aliyewaacha Makinda Walale

Baada ya kuwalinda pengwini wafalme wa Ghuba la Pennant kwa miaka thelathini na mmoja, Bi. Edda Lorimer anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba. Idara yetu ya uhifadhi ilitaka kumuaga mwezi Juni, kabla baridi haijakaza. Alikataa. "Makinda wakivuka kipupwe, nami nitavuka," alisema, akaendelea kupaka siagi mkate wake.

Edda ni mzaliwa wa Falkland Magharibi, binti wa mkata manyoya ya kondoo. Alikwenda Scotland kusomea elimu ya wanyama, akarudi na shahada, mume aitwaye Alasdair, na mazoea ya kula uji wa chumvi ambayo hadi leo hatujamsamehe. Hapa ghubani alikabidhiwa kibanda cha mabati, jiko la kuchoma udongo wa mboji uliokaushwa, na umati wa pengwini wasiojua adabu.

Kipupwe chake cha kwanza kilimfunza. Alimkuta kinda amelala kifudifudi kwenye theluji, hatikisiki, akambeba hadi jikoni. Kinda alipopata joto aliamka, akapindua sufuria, akakimbizana na Alasdair kuzunguka meza mchana kutwa. Wakacheka sana, kisha wakamrudisha kwa wenzake. Wiki chache baadaye Edda alimkuta amekufa, mifupa imetokeza, ilhali wenzake waliobaki wamelala palepale walikuwa hai. Hakuwahi kudai kwamba ana uhakika hiyo ndiyo sababu. Lakini kila mfanyakazi mpya alisimuliwa kisa hicho kabla hata ya kuonyeshwa kitanda. "Mimi nilidhani anakufa," alikuwa akisema. "Kumbe alikuwa anabana matumizi, mimi nikamfilisi."

Tuliofanya naye kazi tunayajua maisha ya kinda wa kipupwe kama tunavyojua ya watoto wetu. Wazazi wanakwenda mbali baharini, na wengine hawarudi kwa miezi. Kinda anabaki na mafuta aliyojaziwa tangu kiangazi. Anajibana na wenzake, anaficha kichwa, anasimama kwa visigino ili nyayo zisiguse barafu, anaiacha ngozi ya nje ipoe ili joto libaki moyoni. Akishtuka akakimbia, akiba ile inaungua bure. Ndiyo maana Edda alitembea kama mtu aliyebeba mayai mfukoni, na sisi tulimwiga, tukichekana.

Kisha ukaja mwaka wa theluji kubwa. Upepo haukupumzika. Ukisimama kwenye uzio uliona mabonge ya kahawia yaliyofunikwa nusu, hakuna linalosogea. Watu wa Stanley, mji mkuu wa visiwa hivi vya Falkland, walipiga simu wakitaka makinda walishwe samaki, wafunikwe mablanketi, wahamishwe. Edda aliwajibu wote kwa upole jibu lilelile, kwamba waachwe walale, kisha akakata simu na kujifungia chooni. Tulimsikia akilia.

Jirani yetu Desmond Tully, mfugaji wa kondoo, hakupiga simu. Alikuja na trekta, mbwa wake, na marobota ya nyasi kavu, ajenge ukuta wa kuwakinga makinda na upepo. Edda akamzuia langoni.

"Una roho gani wewe, Edda? Wanakufa mbele ya macho yako!"

"Wamelala, Des."

"Na mimi ni askofu."

Walikuwa bado wanabishana pale Alasdair alipoonyesha mlimani kwa kidole. Theluji ilikuwa imefunika uzio wa Desmond, na kondoo wake, wakisukumwa na upepo, walikuwa wakiteremka moja kwa moja kuelekea kwa makinda. Desmond akageuka kuwafungulia mbwa.

"Mbwa wasishuke, Des, nakuomba. Wakibweka mara moja tu, makinda wote watatawanyika kwenye upepo huu."

"Wale kondoo ndio maisha yangu. Wasipokusanywa haraka wataganda."

"Najua. Na bado nakuomba."

Desmond alimtazama, akatukana tusi ambalo jarida hili haliwezi kulichapa, akajitwika robota begani. Wakashuka pamoja wameinama, wakidondosha nyasi kidogo kidogo pembeni mwa makinda, ili kuwavuta kondoo wapite kando. Kinda akiinua kichwa, wote walisimama, theluji ikiwajaa shingoni, mpaka akirudishe kichwa chini. Kondoo wakanusa nyasi, wakaanza kufuata. Kazi ambayo mbwa wangeimaliza mara moja iliwachukua siku nzima. Baadhi ya kondoo dhaifu walianguka njiani, na Desmond aliwapita, akaendelea kudondosha nyasi.

Makinda si wote waliopona, na Edda hakuruhusu mtu aandike kwamba walipona wote. Lakini Septemba, wazazi walipopanda kutoka baharini wakiita, yale mabonge ya kahawia yalinyanyuka moja baada ya jingine, yamekonda, yana kelele, yana njaa. Desmond alikuwa amesimama kwenye uzio, kofia mkononi.

"Haya," alisema. "Uaskofu nimejiuzulu."

Tangu hapo marubani hawapitishi ndege chinichini juu ya ghuba wakati wa kipupwe, njia ya wageni imesogezwa nyuma ya kilima, na nyasi za akiba hukaa tayari kwenye shamba la Desmond. Hayo yote ni matunda ya ubishi wa Edda, na ya barua ambazo Desmond alimsaidia kuandika, japo tahajia yake ni balaa.

Sasa Edda na Alasdair wanahamia Stanley, kwenye nyumba yenye bustani ya kupanda viazi. Bi. Edda, sisi tulidhani kupenda ni kukimbilia. Wewe ulisimama mbali, ukiwa na baridi, ukateseka, usisogee. Tunakushukuru kwa kila siku uliyosimama hivyo. Uende na afya, ucheke sana, ulale hadi saa unayotaka. Na atakayethubutu kukuamsha, tuletee jina lake.