Ukoko wa Mama Bakoly

...basi sufuria ikawa inang'aa kama kioo, na watu mia mbili wamekaa mezani wameshika vikombe, hakuna cha kunywa.

Ngojeni. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika asubuhi, nawasimulia wenzangu pale bombani, Bwana Tiana wa ofisini akanikatiza. Akanipa karatasi na kalamu. "Dada Saholy, hayo hayo unayoyasema, yaandike. Tutayaweka kwenye karatasi ya sherehe ya Mama Bakoly." Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la nne. Akasema, "Mdomo wako una digrii." Haya bwana.

Nianze kwa utaratibu basi. Mama Bakolinirina, ambaye sote tunamwita Mama Bakoly, aliingia jiko la kiwanda chetu cha uzi hapa Antsirabe mwezi wa tatu mwaka 1993. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 mwezi wa sita, 2024. Miaka thelathini na moja na miezi mitatu. Alikuja kuosha vyombo. Mwaka wa pili akawa anachambua mchele, wa tano akashika mwiko, na tangu hapo mwiko haukumtoka mkononi ila alipokwenda kujifungua, mara mbili, na mara zote mbili alirudi akakuta tumeunguza maharage.

Mimi nimekaa naye miaka ishirini na miwili, kwenye meza ya karoti. Naongea sana, najua. Kila siku ya Mungu alikuwa anageuka kule kwenye moto ananipigia kelele: "Saholy! Ulimi unakimbia, kisu kimelala!" Hakuna mtu amewahi kunigombeza vizuri kama yeye. Nikikosa kugombezwa mpaka saa nne nilikuwa naona siku haijaanza.

Kwenye jiko la Mama Bakoly hakitupwi kitu. Majani ya karoti, wengine wanawapa sungura, yeye anayakatakata yanaingia kwenye mchuzi. Maji yaliyochemshia maharage ni supu ya kesho. Mfupa wa ng'ombe unachemshwa siku tatu, na mchuzi wa siku ya tatu ndio mtamu kuliko wa kwanza, msiniulize kwa nini. Mafuta ya nguruwe anayakusanya kwenye kopo, Jumatatu yanakwenda kwenye kisamvu, na Jumatatu hiyo hakuna anayeumwa hapa kiwandani, hata wale wagonjwa wetu wa kila wiki. Mchele anaupima kwa kopo la maziwa lililoliwa na kutu mdomoni. Ofisi iliwahi kumletea mizani mpya. Aliiweka juu ya kabati, paka akawa anailalia.

Na jicho lake! Bwana Randria wa mashine za kufuma, mnamjua, yule mkubwa kama mlango. Siku ya njugu mawe na nguruwe alipakuliwa, akazika vipande vya nyama chini ya wali, akarudi kwenye foleni na uso wa yatima. "Mama, mimi sijapata nyama."

Mama Bakoly akaitazama sahani. "Randria, wali wako umeota nundu?"

"Ndivyo ulivyopakuliwa, Mama."

"Nundu hiyo ina mafuta. Hebu iniangalie usoni."

Foleni nzima ikacheka, na Randria naye akacheka. Lakini Mama alimwongezea kipande kimoja. Baadaye nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ameniambia njugu mawe hizi ni kama za mama yake. Mama yake amekufa mwezi uliopita. Sasa wewe ungemnyima?" Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anajua nani mama yake alipika nini. Wa kutoka Betafo anampikia magimbi yenye mchuzi mzito, wa kutoka kusini anamtilia pilipili pembeni. Watu walikuwa wanakula kwao bila kupanda gari.

Kuna jambo moja hakuwahi kutaka lisemwe, na mimi nalisema kwa sababu anakwenda na hawezi tena kunipa viazi vibovu vya kumenya. Mwaka ule wa kimbunga, mwezi wa pili, mchele wa zamani umekwisha majumbani na mpya bado majani mabichi shambani, barabara ikakatika. Stoo ilikuwa na magunia ya kuhesabu. Mama Bakoly akachanganya wali na muhogo, akaukatakata vipande vidogovidogo kama nyama, akatangaza, "Leo ni wali wa harusi!" Watu wakauliza harusi ya nani. "Ya muhogo na mchele. Kaeni, bibi harusi anapoa." Wakala wakicheka, wiki mbili. Sisi wa jikoni tulikula mwisho, na yeye mwisho wetu. Alikuwa anasema, "Mimi nimeshiba kwa kuonja." Siku ya tisa nikaingia kuchukua ndoo, nikamkuta amekaa nyuma ya magunia na kikombe cha ranovola, peke yake, hana sahani. Siku zote tisa alikuwa anashindia hayo maji ya moto ya ukoko wa wali. Nikataka kupiga kelele. Akaniwekea kidole mdomoni. "Saholy, mdomo huo leo ufunge. Wakijua, hawatakula." Nilifunga. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu.

Sasa turudi kwenye sufuria inayong'aa.

Mwaka huu mwanzoni, ofisi ilituletea Hanta, binti wa miaka ishirini na sita, ametoka kupika kwenye hoteli ya watalii. Mkono safi, kofia nyeupe, mchapakazi. Siku yake ya pili wali ukapakuliwa, sufuria ikabaki na ukoko wake chini, mzuri, umeshika pande zote. Kila mtu hapa anajua kinachofuata: sufuria inarudi motoni, ukoko unaiva mpaka ukahawia, unamwagiwa maji, yanachemka, watu wanakunywa ya moto baada ya wali. Bila hayo unakuwa hujala, umetia kitu tumboni tu. Hanta hotelini wali walikuwa wanapikia mashine ya mvuke, haushiki chini. Na kwao alipelekwa bweni akiwa na miaka kumi, hakuwahi kusimama jikoni kwa mama yake. Basi akaona sufuria chafu. Akailoweka, akachukua chuma cha kusugulia, akaisugua ile sufuria nzito iliyotengenezwa Ambatolampy, yenye umri mkubwa kuliko yeye, mpaka ikatoa nuru. Ukoko wote kwenye ndoo ya nguruwe.

Watu mia mbili na vikombe. Halafu Randria kutoka nyuma: "Jamani, leo tunakunywa mate?"

Hanta akawa mweupe kama kofia yake. Sisi wote tunasubiri Mama Bakoly alipuke. Mama akainama juu ya sufuria, akatazama ndani muda mrefu. Akasema, "Nimejiona humu. Kumbe nimezeeka." Akaangua kicheko, na Hanta akaangua kilio, na nguruwe wa jirani siku hiyo ndio waliofaidi.

Lakini habari ilifika ofisini, na ofisini hawakucheka. Mkurugenzi alikuwa tayari ana mpango wake: Mama Bakoly akiondoka, jiko linafungwa, watu wapewe mkate na kitu cha kunywa cha pakiti, basi. Jiko lenyewe lina wanawake sita. Mimi mmoja wao. Alisema kwa upole, yeye si mtu mbaya: "Mama, hakuna wa kukurithi. Huyu binti ameosha chakula akakitupa."

Mama Bakoly akavaa viatu vya kanisani, akajitanda shuka lake jeupe, akaenda ofisini. Mimi nilikuwa napita tu dirishani, nikasikia.

"Nipe mpaka mwezi wa sita. Hanta apike Ijumaa moja peke yake, mimi nikae nje. Wali, mboga, na ranovola. Watu wakinywa wakaridhika, jiko linabaki. Wasiporidhika, lete mikate yako."

"Wewe hutaingiza mkono?"

"Wala mkono wala sauti."

Wakakubaliana. Ijumaa tarehe 21.

Wiki zile! Wali Hanta alijua, mboga alishika haraka. Ukoko ndio ulimshinda. Anaumwagia maji mapema, yanakuwa meupe kama ya kunawia. Anauchelewesha, yanakuwa machungu kama dawa ya minyoo. Alikuwa anachungulia, ananusa, anachungulia tena. Siku moja Mama Bakoly akachukua kitambaa, akamfunga macho palepale mbele ya moto.

"Mama, sioni!"

"Ndiyo maana nimekufunga. Ukoko hauangaliwi. Sikiliza."

Randria akapita na kikombe. "Hanta, mnacheza kombolela?"

"Pita wewe na nundu yako," Mama akamjibu. Kisha kwa Hanta, pole pole: "Mwanzo unalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Ngoja. Mvua inapungua. Ngoja. Sasa tone, na tone, na tone. Tone likichelewa mpaka ukavuta pumzi mbili, mwaga maji." Kila siku hivyo, wiki sita, binti amefungwa macho kama ametekwa nyara.

Ijumaa ikafika. Baridi ya mwezi wa sita, ile inayouma masikio. Mama Bakoly akakaa nje kwenye benchi chini ya dirisha, na fungu la karoti mapajani ili mikono isimsaliti. Wali ukatoka vizuri. Kisamvu kikaliwa mpaka sahani zikapanguswa. Sufuria ikarudi motoni. Mkurugenzi akaja kusimama mlangoni na kikombe chake, kitupu.

Ukoko ukaanza kulia. Na sisi, shoga zangu, hofu ilitufungua midomo. Kila mmoja anasema lake. "Bado!" "Tayari!" "Moshi huo, Hanta, moshi!" Hanta anageuka huku, anageuka kule, amerudi kuchungulia kama zamani. Moshi kweli ukaanza. Nikamtazama Mama Bakoly dirishani. Kisu chake kilikuwa kimesimama kwenye karoti. Harufu ilikuwa imemfikia, nilimwona pua ikicheza. Alinyanyuka nusu. Nikafikiri, sasa ataingia, na akiingia tumekwisha. Akakaa tena. Akayafumba macho.

Hanta alimwona pia. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Nyamazeni wote. Nasikiliza." Tukanyamaza, hata mimi. Akafumba macho yake. Jiko lile sijawahi kulisikia kimya namna ile. Tone. Tone. Halafu hakuna. Nikamwona kifua kinapanda mara moja, mara ya pili, akamwaga maji. Shhhh! Mvuke mpaka darini.

Yalitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mkurugenzi akapewa ya kwanza. Akanywa yote. Akanyoosha kikombe, akaongezwa. Akanyoosha tena. Kisha akasema, wala hakuwa anasema na sisi, "Kwa bibi yangu tulikuwa tunagombania kikombe cha bati chenye mpini. Mimi mdogo, nilikuwa nabaki na cha udongo." Kule mezani Randria anagonga kikombe chake, mia mbili wengine wanagonga. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. "Haya. Jiko linabaki, na Hanta ndiye mkuu wake."

Mama Bakoly akaletewa kikombe pale kwenye benchi. Akaonja. Hanta amesimama mbele yake.

"Kichungu kidogo," Mama akasema. "Umechelewa pumzi moja."

"Ndiyo, Mama."

"Niongezee."

Basi mimi naona hiyo ndiyo habari ya kazi yake yote, ingawa Bwana Tiana alitaka niandike na vyeti. Vyeti anavyo viwili, viko ukutani kwake Betafo, anakorudi kwenye shamba lake dogo la mpunga na nguruwe wake, ambao nawaonya mapema: hawatapata ukoko.

Mama Bakoly, kwa wanawake sita wa jikoni na kwa wote waliokula kwa mkono wako, asante. Asante kwa majani ya karoti, kwa mfupa wa siku ya tatu, kwa harusi ya muhogo. Asante kwa siku zile tisa, sasa nimeshasema, utanisamehe. Tunakuombea uzee wa kukaa chini ukala wali ambao hukuupika wewe, uwe wa moto, na uwe wa kwanza kupakuliwa. Tumekubaliana sisi wenyewe jikoni: Ijumaa kwenye sherehe, kabla ya mkurugenzi, kabla ya padri, sahani ya kwanza ni yako, na hatutaki kusikia kwamba umeshiba kwa kuonja. Halafu nilitaka pia kusema kuhusu lile kopo la kupimia mchele, kwamba usiku ule alipoku...

"Saholy! Kalamu inakimbia, kisu kimelala!"

Nimeruka nikidhani ni Mama Bakoly. Nimegeuka dirishani. Ni Hanta, amesimama na mwiko, kopo lenye kutu mkononi, na hacheki.

Karoti zangu. Naenda.